Macho Makavu kwenye Meza Yangu

Jumatatu iliyopita nilirudisha kitambulisho cha kazi, makoti mawili meupe na ufunguo wa kabati ambalo halijawahi kufungika. Nina miaka arobaini na saba. Najua huo si umri wa kustaafu, lakini mradi wetu wa fuoni umefungwa, na watu wakiniuliza nasema nimestaafu kwa sababu neno hilo lina heshima kidogo. Nyinyi mnaobaki kwenye meza za kupima mliniomba niwaandikie kuhusu kazi. Mimi niliishia kidato cha nne, kwa hiyo msitarajie maneno makubwa. Nitaandika niliyoyaona, na jambo moja nililolifanya.

Nilianza na vidole. Miaka hiyo kupima virusi vya Ukimwi kwa hiari ndiyo kwanza kulikuwa kunafika kwenye fuo zetu za ziwa, na walitafuta vijana waliomaliza shule, wenye miguu ya kutembea na mdomo wa kutunza siri. Mdomo nilijifunza. Miguu nilizaliwa nayo. Sijawahi kukaa mahali pamoja miaka miwili bila kuanza kuwaza mahali pengine: Bondo, Usenge, Pap Onditi, Kisumu, halafu Bondo tena kwa sababu nilikumbuka samaki wa mama mmoja wa pale. Nikifika nakumbuka nilikotoka. Kazi hii ilinifaa.

Aliyenifundisha alikuwa Mzee Okelo, fundi wa maabara aliyekuwa na nywele nyeupe nyingi masikioni kuliko kichwani. Siku yangu ya kwanza alinipa kisindano, akanyoosha mkono wake mwenyewe.

"Nichome."

Nikamchoma katikati ya ncha ya kidole. Akaruka.

"Omera, ndugu yangu! Hapo katikati ndipo mtu anaposhikia jembe na wavu. Unataka kesho ashike na nini? Choma pembeni. Kidole cha tatu au cha nne. Na kwanza upashe mkono joto, damu ije yenyewe."

Alinifanya nimchome mara sita siku hiyo. Mara ya sita alikuwa anasoma gazeti, hakuinua macho. Baada ya miaka michache nilijulikana kwenye fuo kama yule mtu ambaye kisindano chake hakisikiki. Wanaume waliokuwa wakikimbia upimaji walikuja na kusema, "Tunataka Owuor." Nitasema ukweli, sifa hiyo ilikuwa chakula changu. Mtu akitoka meza ya mwenzangu huku anasugua kidole, akanitazama mimi kwa kujuta, nilishinda nimeshiba mpaka jioni.

Huko Bondo ndiko nilikoletewa Adhiambo. Alikuwa ametoka shule juzi tu, mwembamba, anaogopa damu. Wiki ya kwanza aliangusha visindano vingi kuliko alivyotumia. Mkuu wetu alitaka arudishwe nyumbani, mimi nikasema hapana, niachieni. Nilimfundisha kama nilivyofundishwa, kwa kidole changu mwenyewe, na mpaka leo akiniita haniiti jina, ananiita Japuonj, yaani mwalimu. Nilimpenda sana wakati ule. Sasa nikikumbuka, naona nilimpenda zaidi kwa sababu hakuwa hodari.

Miaka ikapita, Korona ikaja, na baadaye ikaja ile aina mpya ya kirusi chake, iliyosambaa haraka kuliko ya kwanza na kulipiga eneo letu la ziwa kwa nguvu. Chuo kikuu kimoja upande huu wa Kisumu kikaomba wapimaji kwa ajili ya wafanyakazi na wanafunzi wake. Kupimwa kulikuwa kwa hiari. Hakuna aliyelazimishwa, hakuna aliyeitwa kwa jina. Tulipigiwa hema moja kando ya uwanja wa mpira wa kikapu, tukawekewa meza mbili, na mtu alikuwa huru kuja au kutokuja. Ambacho hakuna aliyefikiria ni kwamba alikuwa pia huru kuchagua meza. Meza moja ilikuwa yangu, nyingine ya Adhiambo.

Tulikuwa tumepewa mafunzo ya siku moja. Pua si kidole. Kijiti ni kirefu, laini, kina pamba kichwani. Hukipandishi juu, unakinyoosha kwenye sakafu ya pua kuelekea sikio, mpaka kifike nyuma kabisa, na mtu hatapenda. Unazungusha, unasubiri kidogo, unatoa. Unakikamua kwenye kichupa cha maji yake, unadondosha matone kwenye kile kisanduku kidogo cha plastiki, unasubiri dakika kumi na tano. Mstari mmoja, hujaambukizwa. Miwili, umeambukizwa. Siku ile ya mafunzo tulipimana wenyewe kwa wenyewe, na Adhiambo akanipima mimi. Nilipiga chafya, machozi yakanitoka mpaka kidevuni. Mkufunzi akawaita wengine.

"Njooni muone. Hivi ndivyo inavyotakiwa. Umefanya vizuri sana, dada."

Wote wakanizunguka, wananitazama nikilia, na sifa zikaenda kwa aliyenishikia kijiti. Nilicheka pamoja nao.

Jumatatu tulifungua. Kisumu mnavyolijua jua lake, na sisi ndani ya yale mavazi meupe ya plastiki, barakoa na kioo usoni, tulikuwa kama viazi kwenye mfuko. Wanafunzi walisimama mbali, wanasukumana.

"Wewe enda kwanza."

"Mimi? Wakinipata nayo wananifungia hosteli. Enda wewe, si ndiyo unakohoa?"

"Hiyo ni vumbi, bro."

Adhiambo alitoka nje ya hema akawaambia kwa sauti, "Itauma. Sitawadanganya. Itauma mpaka nikihesabu kumi, halafu imekwisha. Mkihesabu na mimi itaenda haraka." Mmoja akaja, kijana mrefu wa uhandisi. Wakahesabu pamoja. Alipofika saba sauti ilikuwa ya kitoto, wenzake wakaanguka kwa kicheko, na alipotoka anafuta macho akainua mikono kama aliyefunga bao. Basi. Ndani ya saa moja foleni yake ilifika kwenye nguzo ya kikapu, na kila mtu anahesabu. Saba! Nane! Ilikuwa kama sherehe.

Kwangu walikuja wahadhiri wawili wazee waliotaka utulivu, na mlinzi ambaye nadhani hakuiona meza nyingine.

Siku ya pili ikawa hivyo hivyo. Nilikaa kwenye kiti changu, vijiti vyangu vimepangwa vizuri, nasikiliza watu wakihesabu kumi na mwanafunzi wangu. Yule aliyekuwa akiangusha visindano. Nilianza kuona makosa yake: anacheka sana, glavu anabadilisha polepole, anawaita watu "mpenzi". Mkuu wetu alipopita akasema, "Owuor, jifunze kidogo kwa Adhiambo jinsi ya kuwavuta," nikaitikia kwa kichwa, nikaenda nyuma ya hema kunywa maji ambayo sikuwa na kiu nayo.

Hapo ndipo nilipofanya nilichofanya. Sikuamua kwa maneno. Nilijiambia tu kwamba watu wananijua kwa mkono mwepesi, na mkono mwepesi ndio nitakaowapa. Kijiti nilikipeleka mpaka pale pua inapoanza kukataa, nikazungusha, nikatoa. Hakuna chafya, hakuna chozi. Mhasibu mmoja alinitazama, akauliza, "Tayari?" Nikamwambia, "Tayari, mama." Akatoka akiwaambia wenzake.

Habari hiyo haikuhitaji tangazo. Kufikia Jumatano mchana foleni ilikuwa imehama. Walisimama mbele ya meza yangu mpaka nje ya kivuli cha hema, na kwa Adhiambo alikuwepo mtu mmoja mmoja. Nikasikia mwanafunzi akimwambia mwenzake, "Enda kwa huyo mzee, hata husikii." Mimi huyo. Nilipima mpaka mgongo ukauma, na mgongo ule ulikuwa mtamu.

Alhamisi akaja Mama Rispa. Jina si lake. Alikuwa mpishi katika kantini ya chuo, mwanamke mpana, mwenye sauti ya kuita watu walio ng'ambo ya mto, na tangu Jumatatu alikuwa amekataa kupimwa. Sasa alikuja na aproni yake bado ina unga.

"Mimi nimekuja kwako, Owuor. Yule msichana anachimba kama anatafuta maji."

Alisema hivyo Adhiambo akisikia. Nilimpangusia kiti mwenyewe.

"Na kwa nini leo, mama?"

"Kesho naenda Pap Onditi kwa mama yangu. Ametoka hospitali wiki iliyopita, kifua chake ni kama mfuko umetoboka. Nesi aliniambia nisimkaribie kabla sijapimwa. Kama nikiwa safi naenda kukaa naye siku tatu, namwogesha, nampikia. Kama siko safi, basi, nabaki."

"Utaenda," nilimwambia kabla sijafungua hata kijiti.

Nilimpima kwa mkono mwepesi kuliko wote wa wiki ile. Mstari mmoja. Nikamwandikia karatasi yake, nikaipiga muhuri. "Ero kamano, wuod mama," aliniambia, yaani asante, mwana wa mama, akaikunja karatasi ndani ya leso na kuitia kifuani. Nilimtazama Adhiambo. Nilitaka aone.

Ijumaa asubuhi, kabla hatujafungua, Adhiambo alikuja kwenye meza yangu.

"Japuonj, naomba nikuulize. Watu wako hawatoi machozi."

"Ndiyo sababu wanakuja."

"Wale wasichana wawili wa hosteli uliowapima Jumatano, ukawapa mstari mmoja. Jana jioni walirudi wanakohoa, wewe ulikuwa umeondoka. Niliwapima mimi. Miwili miwili, wote."

"Wameipata baadaye."

"Pengine." Alisimama kidogo. "Macho ya mtu yakibaki makavu, kijiti hakijafika. Wewe ulilia siku ile ya mafunzo."

"Adhiambo, ukitaka meza yangu, ichukue. Usinifundishe kazi."

Alirudi kwenye meza yake. Nilikaa. Nikachukua kijiti kipya, nikakitoa kwenye karatasi yake, na bila kukigusisha kwa mtu yeyote nikakichovya kwenye kichupa, nikakikamua, nikadondosha matone. Nilitaka kujua. Baada ya dakika kumi na tano nilikuwa na mstari mmoja, safi, mwekundu, ulionyooka. Ule mstari wa kwanza, vijana wangu, unasema tu kwamba maji yamepita. Unatokea hata kama hujampima mtu. Kisanduku kile hakikuwa na tofauti yoyote na cha Mama Rispa.

Nilimpigia simu kwa namba aliyoandika kwenye fomu.

"Niko steji Nyamasaria," alisema. "Gari bado watu wanne. Kuna nini?"

"Usipande, mama. Nakuja."

"Kwani nini?"

Nilikata simu. Kisha nikafanya jambo lililokuwa gumu kuliko simu, nikaenda kwenye meza ya pili.

"Beba vijiti. Twende Nyamasaria."

Adhiambo alinitazama mara moja tu. Alichukua vijiti vitano na visanduku vitano. Mimi ningechukua kimoja. Akachukua barakoa za akiba pia. Chuo hakiko mbali na pale, tulifika kwa pikipiki mbili.

Mama Rispa alikuwa ameketi kwenye benchi nje ya duka la simiti. Kwenye beseni lake kulikuwa na kuku aliyefungwa miguu, sabuni, na dawa za mama yake kwenye mfuko wa karatasi. Manamba alikuwa anaita, "Pap Onditi! Pap Onditi wawili!"

"Owuor! Nimeacha kitu?"

"Mama, naomba nikupime tena."

"Si ulinipima jana? Karatasi hii hapa." Alianza kuitoa kwenye leso.

"Hiyo karatasi si nzuri."

Akamgeukia Adhiambo, akamwangalia kuanzia viatu. "Ni huyu amekuleta. Nimejua. Huyu msichana anakuonea wivu tangu watu wahamie kwako. Hata sisi jikoni tunaona."

Adhiambo alikuwa ameshika mfuko wa vijiti kwa mikono miwili na alikuwa anatazama chini. Kwa muda mfupi sana nilitamani mambo yabaki hivyo. Ningempima upya, majibu yangetoka, na hakuna ambaye angejua.

"Hapana, Mama Rispa," nilisema. "Mwenye wivu ni mimi. Jana kijiti hakikufika. Sikukifikisha kwa sababu nilitaka unisifu mbele yake."

"Mama, umebaki wewe!" manamba aliita. "Tunaenda!"

Mama Rispa aliendelea kunitazama mimi. "Kwa hiyo nilikuwa naenda kwa mama na nini?"

"Sijui. Ndiyo nataka tujue."

Mama Rispa akasema taratibu, si kwetu hasa, "Tangu asubuhi kichwa kinauma. Nikasema ni moshi wa jikoni."

Akasimama, akasema mimi ndiye niliyeharibu na mimi ndiye nitakayetengeneza, lakini huyu msichana asiguse pua yake. Tukaenda nyuma ya duka. Kitabu chetu cha mwongozo hakina ukurasa wa nyuma ya duka la simiti. Tulimketisha kwenye matofali, upepo ukipita vizuri, Adhiambo akasimama nyuma yake na kumshika kichwa kwa viganja viwili. Nikaingiza kijiti. Mkono wangu ulikuwa umezoea kusimama njiani, ukasimama.

"Bado, Japuonj," Adhiambo alisema. "Usipandishe. Nyoosha kuelekea sikio."

Nikasukuma.

"Bado."

Mama Rispa alinishika mkono kwa kucha.

"Bado kidogo. Hapo. Zungusha. Mos, mama, pole. Hesabu na mimi. Sita. Saba."

Mwanafunzi wangu alikuwa ananifundisha mbele ya mgonjwa, na kijana wa duka la simiti anachungulia dirishani. Nilipotoa, machozi yalikuwa yanamtiririka Mama Rispa mpaka kwenye barakoa.

"Mbwa wewe," aliniambia. "Kumbe jana ulikuwa unanipapasa tu."

Gari la Pap Onditi liliondoka bila yeye, manamba akitutukana. Hatukusubiri hata zile dakika kumi na tano. Mstari wa pili ulikuja mapema, mzito, kama uliochorwa kwa kalamu. Mama Rispa aliuona, akafunika uso kwa leso ile ile yenye karatasi yangu. Tukasikia anasema ndani ya leso, "Ningemwogesha. Ningemshika hapa, kifuani."

Siku ile waliokwenda Pap Onditi ni kuku na dawa, walipakiwa kwenye gari lililofuata kama mzigo. Mama Rispa alifungiwa chumba cha mwisho cha hosteli ya wafanyakazi, aliumwa vibaya, akapona. Mama yake hakuipata.

Jioni nilimweleza mkuu wetu kila kitu. Hakupiga kelele, na ningependa angepiga. Jumamosi na Jumapili niliwapigia simu wote waliopita kwenye meza yangu kuanzia Jumanne mchana, mmoja mmoja, nikawaambia warudi. Wengi walirudi. Mmoja aliniuliza kama nimelewa. Wiki zilizobaki niliwekwa mezani kwa Adhiambo kuandika fomu, yaani niliandika majina ya foleni yake kwa mwandiko wangu mzuri, huku nasikia watu wakihesabu kumi. Sitawadanganya kwamba hapo wivu uliisha. Ulipata kiti cha karibu. Lakini niliona anachofanya: kila alipotoa kijiti, kabla hajakitia kwenye kichupa, alimtazama mtu machoni. Yakiwa makavu, alirudia. Alirudia bila kuona haya. Mimi sikuwahi kurudia, kwa sababu kurudia ni kukiri.

Baada ya hapo nilirudi kwenye vidole, nikazunguka tena ziwa miaka kadhaa, na kule fuoni wananiita bado.

Jumatatu ile niliporudisha ufunguo, walinipikia chai. Adhiambo, ambaye sasa anawafundisha nyinyi, alikuwepo, na Mama Rispa alileta mandazi ya beseni zima. Akamkumbatia Adhiambo mbele ya watu wote.

"Huyu ndiye msichana aliyemwokoa mama yangu," akasema kwa sauti yake ile ya ng'ambo ya mto.

Nyote mkapiga makofi. Na mimi nilipiga. Mliona.

"Mama, mimi nilishika kichwa tu," Adhiambo akasema. "Aliyekufuata steji ni Japuonj. Aliyefika ni yeye." Akachukua andazi, akaendelea kula, kana kwamba alichonipa si kitu.

Nilikunywa chai yangu. Kuchoma pembeni nilimfundisha mimi, kupasha mkono joto nilimfundisha mimi, kutunza siri ya mtu nilimfundisha mimi. Hilo la kumpa mtu sifa yako na kuendelea kula andazi, sikumfundisha, na sijui alilitoa wapi. Namwonea wivu mpaka leo.